Kibaraza cha jioni: namna ya kuandaa mahali pa kupumzikia nyumbani, kwa anayeanza

Kiangazi kikianza tu, maswali yanaanza na yenyewe. Mtu amepita njiani hapa Isevya, Tabora, akatukuta tumekaa nje, amekaribishwa maji, amekunywa, basi kesho anarudi. "Mbona maji yenu ya baridi na friji hamna?" "Ule mrehani mnaumwagilia nini?" "Na mimi nimenunua mtungi, mbona unavuja, nimetapeliwa?" Nimeyajibu nikiwa getini, nimeyajibu sokoni na kitunguu mkononi, nimeyajibu kwenye simu mpaka salio likakata. Sasa nayaandika mara moja, kila anayeniuliza nimtumie haya.

Ninachoelekeza ni kitu kidogo: mahali pa kukaa jioni penye kivuli, maji ya mtungi, kikombe cha chai ya mchaichai na asali, mimea miwili mitatu inayonukia na taa isiyochoma macho. Kupanga makochi na mapazia sikujui, kwa hiyo usinitafute kwa hilo. Hata kama umepanga chumba kimoja na choo ni cha pamoja, unaweza, mradi upate kipande cha uwanja kinachotosha mkeka mmoja na mwenye nyumba asikununie.

Nimeandika kwa mtu wa Tabora kwa sababu ndiko niliko. Aliye Kigoma naye atafuata hatua zile zile, panapotofautiana nitamwambia.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, wa lita 15 hadi 20. Huo unatosha nyumba ya watu watano.
- Kawa au mfuniko wowote unaokaa vizuri mdomoni mwa mtungi.
- Kata ya kibuyu ya kuchotea. Ukiikosa, kikombe cha bati chenye mpini mrefu.
- Karai la zamani na mchanga safi wa kulijaza nusu.
- Jamvi, mkeka na kigoda kimoja cha mgeni.
- Machipukizi ya mchaichai na vijiti vya mrehani. Hivi huombwa kwa jirani, wala usivinunue.
- Makopo ya rangi au ndoo zilizopasuka, za kupandia.
- Chupa ya asali.
- Chemli, au taa ya sola yenye mwanga wa njano.
- Ufagio wa uwanja.

Hela yako itaenda kwenye mtungi na asali. Vingine, ukizunguka nyumbani na macho wazi, zaidi ya nusu utaviona vimelala nyuma ya choo au juu ya dari.

Wakati mzuri wa kuanza ni Mei au Juni, mvua zikishakatika. Ukianza Novemba utafukuzwa na mvua kabla mrehani haujashika mizizi. Inawezekana, lakini itabidi ukae chini ya bati la kibaraza, na bati likipigwa na mvua hamtasikilizana.

Hatua ya 1: Kitafute kivuli kwa kukitazama

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuchagua mahali saa nne asubuhi. Asubuhi upande wa magharibi wa nyumba una kivuli kizuri, basi mtu anahamishia huko vitu vyake vyote, na jioni jua linamchoma usoni mpaka linapozama. Na huku kwetu linachelewa. Watu wa Dar es Salaam giza linawakuta karibu nusu saa kabla yetu, kwa kuwa sisi tuko mbali magharibi lakini saa tunayotumia ni moja. Kigoma ndiyo kabisa, wanasubiri dakika kumi na kitu zaidi ya sisi.

Kwa hiyo siku tatu mfululizo, saa kumi na moja jioni, toka nje uangalie kivuli kimeangukia wapi. Kwa nyumba nyingi jibu ni upande wa mashariki. Upande huo una faida nyingine: upepo wa kiangazi huku hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, hivyo unapata kivuli na upepo mahali pamoja.

Usiegemee ukuta. Tofali la kuchoma linakunywa jua mchana kutwa na jioni linalitema mgongoni kwako. Sogea hatua tatu nne mbele.

Wenye mwembe uwanjani, mna bahati, na Tabora miembe haina uchache. Mingine ni mikongwe, kizazi cha ile iliyopandwa enzi za misafara ya kwenda Ujiji. Ila maembe yakikomaa, hama. Embe bovu likianguka kwenye birika la chai jioni nzima imeharibika, na nzi watakaokuja hawaondoki.

Mwenzangu wa Kigoma unayekaa mlimani ukilitazama ziwa, najua hutakubali kulipa ziwa mgongo, na mimi nisingekubali. Basi kaa upande huo huo wa magharibi lakini tundika mkeka wa zamani au khanga nzito kukinga jua, ukiufungua jua likishagusa milima ya Kongo.

Hatua ya 2: Chagua mtungi na uuandae

Hapa nitakaa sana, maana ndipo penye maswali mengi na ndipo watu wanapoharibu.

Dukani au gulioni usinunue kwa macho. Unyanyue mtungi, uushike mdomo kwa mkono mmoja, uugonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Mzima hulia, sauti inakaa kidogo hewani. Wenye ufa hujibu kikavu, kama umegonga kibuyu kilichojaa. Gonga pande zote na chini pia. Kisha chungulia ndani dhidi ya jua. Ukiona nukta ya mwanga, rudisha.

Ukifika nyumbani:

a) Uloweke mzima kwenye beseni kubwa au pipa la maji kwa siku moja, usiku na mchana. Utausikia ukitoa viputo na kunguruma kwa dakika kadhaa. Ni hewa inatoka kwenye vitundu vya udongo.

b) Mwaga maji, usugue ndani kwa brashi safi au gunzi la mahindi. Usitumie sabuni. Udongo unaimeza, na utakunywa povu hadi Pasaka.

c) Jaza maji, uache yalale, asubuhi mwaga. Rudia mara mbili au tatu, mpaka maji yasiwe na ladha ya udongo wala wekundu. Hayo unayomwaga yamwagie mimea.

d) Acha ukauke kivulini. Usiuweke juani ukiwa umelowa chepechepe, na usiumiminie maji ya moto. Njia zote mbili zinapasua.

Sasa makosa makubwa mawili.

La kwanza ni uji. Kuna watu wamefundishwa kwamba chombo kipya cha udongo hupikiwa uji mwepesi kwanza ili kizibe. Ni kweli, lakini kwa chungu cha kupikia. Mtungi wa maji hatutaki uzibe. Maji hupoa kwa sababu yanapenya polepole kwenye udongo, yanafika nje, upepo unayakausha, na yakikauka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ukiziba vile vitundu umebaki na ndoo nzito.

La pili nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo sicheki mtu. Mwaka wangu wa kwanza nilibakiwa na rangi ya mafuta ya kijani baada ya kupaka geti. Nikaupaka mtungi, nikauchorea na maua meupe. Ukapendeza kweli, majirani wakausifia. Maji yakawa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Nikahamisha mtungi kivulini zaidi, nikabadilisha mchanga, nikalaumu jua. Wiki ya tatu akaja shangazi kutoka Sikonge, akaweka kiganja ubavuni mwa mtungi, akauliza, "Huu umeuvisha koti la mvua?" Mtungi ule sasa una mahindi ya mbegu. Ukitaka pambo, nunua uliochorwa na mfinyanzi kabla ya kuchomwa.

Hatua ya 3: Uweke mtungi mahali pake na uujaze

Jaza karai nusu kwa mchanga, uloweshe mchanga, ukalishe mtungi humo ukiuzungusha kidogo mpaka utulie. Mchanga wenye unyevu unasaidia kupoza na unauzuia kuyumba watoto wakipita mbio. Mahali pawe kivulini kutwa nzima, si jioni tu, na pawe na upepo. Wengi huuficha mtungi kwenye kona ya jikoni karibu na jiko, halafu wanauliza kwa nini maji hayapoi.

Mtungi unapoza maji, hausafishi maji. Yachemshe kwanza, yaache yapoe kabisa kwenye sufuria lililofunikwa, ndipo uyamimine. Hata ya bomba. Ndiyo, tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mji huu mambo yamekuwa mepesi, lakini mimi bado nachemsha.

Ukijaza usiku, asubuhi yamepoa. Ukijaza mchana, jioni ni ya kuridhisha. Miezi ya kiangazi kikavu, Agosti na Septemba, mtu atakuuliza umeyatoa dukani. Mvua zikianza hewa inakuwa na unyevu na maji yanapoa kidogo tu. Kigoma, hasa mtaa ulio karibu na maji, utaona hali hiyo mara nyingi zaidi.

Kuchota ni kwa kata peke yake, na kata haigusi mdomo wa mtu. Atakayechovya kikombe chake, mfundishe siku hiyo hiyo. Kila wiki mwaga yaliyobaki, sugua bila sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, jaza upya.

Kuna jambo moja la ziada, si lazima, lakini ukilifanya mara moja hutaliacha. Kabla ya kujaza mtungi uliokauka, weka kaa moja la moto kwenye kigae, dondoshea punje mbili za ubani, kisha ufunike mdomo wa mtungi juu ya moshi kwa dakika tatu hivi. Jaza maji mara moja. Harufu inabaki ndani ya maji, kwa mbali, kama mtu mwenye udi amepita chumba cha pili. Punje mbili nimesema. Ukiweka kiganja kizima utakunywa msiba.

Hatua ya 4: Panda vinavyonukia

Mchaichai: omba machipukizi matano sita yenye kijimzizi chini, kata majani yabaki urefu wa shibiri, panda. Haufi kirahisi. Ukiwa mkubwa kata majani kwa kisu. Ukiyavuta kwa mkono yatakukata wewe.

Mrehani: kata kijiti cha urefu wa kiganja kisichokuwa na maua, ondoa majani ya chini, kisimamishe kwenye glasi ya maji dirishani pasipo jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki moja au mbili utaona nyuzi nyeupe za mizizi, ndipo uhamishie kwenye kopo. Ukianza kutoa maua uyachume vichwa vyote, vinginevyo unaacha majani na unafuata mbegu.

Kopo litoboe chini, matundu manne ya msumari. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, uchanganye na samadi, na samadi iwe imeoza hadi haina harufu. Mbichi inaunguza mizizi.

Usiweke kisahani cha maji chini ya kopo. Maji yakituama kwa wiki moja hivi, mbu wametotoa, na mkoa huu pamoja na Kigoma ni kati ya mikoa inayoongoza kwa malaria nchini. Na tuelewane kuhusu lile la "mrehani unafukuza mbu". Ukiwa umesimama kwenye kopo unanukia tu. Mbu anapita juu yake anakuja kwako.

Hatua ya 5: Fagia, kisha nyunyiza

Hii ni kazi ya robo saa na ndiyo siri yenyewe ya kibaraza. Watu wananunua taa, wananunua mkeka wa plastiki wenye picha ya simba, wanakaa kwenye vumbi na maganda ya miwa ya jana, halafu wanasema mbona hatuoni hiyo raha. Raha yote huandaliwa kabla hujakaa.

Saa kumi na moja fagia, ukianzia ukutani kwenda nje. Kisha chovya mkono kwenye ndoo urushe matone, usimwage. Vumbi likilala imetosha. Dakika chache baadaye ile harufu ya ardhi iliyoguswa na maji inapanda, na kama ni Oktoba, miezi mitano haijanyesha, watu wazima wataacha walichokuwa wakisema wavute pumzi. Maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa kabisa. Ya sabuni hayafai, yanaacha utelezi.

Ukimwaga ndoo nzima utapata tope, na mkeka utakula tope.

Hatua ya 6: Tandika

Jamvi chini, mkeka juu. Jamvi ndilo linalobeba ukorofi wa ardhi, mkeka unabaki safi. Kigoda kiwe pembeni kwa ajili ya mtu mzima ambaye magoti yake hayakunji, na kiwepo kila siku hata kama hakuna mgeni. Mtu akibisha hodi na wewe unaanza kukimbia ndani kutafuta kiti, utulivu umekimbia na wewe.

Mkeka wa ukindu haulowekwi. Uupanguse kwa kitambaa chenye unyevu, uuanike kivulini, uuzungushe upande wa pili kesho yake, na ukishakauka uukunje kwa kuuviringisha, sio kuukunja kama shuka.

Hatua ya 7: Chai na asali

Kwa vikombe vinne: majani manne matano ya mchaichai uliyoyafunga fundo moja, na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa. Yatie kwenye maji baridi, yachemke dakika tano, epua, funika dakika tano nyingine. Majani ya chai ukipenda, kijiko kimoja kidogo. Mimi situmii, nikinywa jioni silali.

Asali haipikwi. Mimina chai kwenye kikombe, subiri mpaka uweze kukishika kwa viganja vyote viwili bila kukiachia, ndipo utie kijiko cha asali. Ukiitia kwenye chai inayochemka unaua harufu yake, unabaki na utamu tu, na utamu hata sukari inao. Itakuwa aibu kukaa Tabora katikati ya misitu ya miombo ukanywa asali isiyonukia.

Ya nyuki wakubwa ndiyo ya kila siku. Ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi, ina ukakasi kidogo na bei yake iko juu. Hiyo uilambe kwa ncha ya kijiko, usiizamishe kwenye chai. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kupakwa ulimini, hata bibi akisisitiza. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu na la mtoto mchanga haliwezi.

Cha kutafuna: matobolwa, kama umehifadhi. Viazi vilivyochemshwa kwanza vikakatwa na kuanikwa vinakuwa na utamu wa kutafuna polepole, na ndicho hasa unachokitaka, kitu kisichokuruhusu kuharakisha. Michembe, ile iliyoanikwa mbichi, iache kwa ajili ya kupika na karanga. Ukiwa na karanga mbichi, zikaange kwenye mchanga: pasha mchanga safi kwenye sufuria, mimina karanga, koroga bila kuacha mpaka zianze kulia na moja uliyoimenya iwe na rangi ya dhahabu, kisha chekecha. Zinaiva sawa, haziungui upande mmoja.

Jiko la mkaa libaki nje. Juni na Julai usiku unakuwa na baridi na utashawishika kuliingiza chumbani mkilala. Usithubutu. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na waliolala nayo mlango umefungwa wengine hawakuamka.

Hatua ya 8: Taa

Taa nyeupe inayomulika kama ya kituo cha mafuta inaita wadudu na inawafanya watu wakunje nyuso. Mwanga wa njano ndio unaofaa, na taa ikae chini, kando ya mkeka, si juu ya vichwa. Kama ni chemli, kata utambi sawasawa kwa mkasi na ufute kioo kila siku kikiwa cha baridi. Utambi uliokatwa upande unatoa moshi na kioo kinakuwa cheusi kabla chai haijaisha. Chemli iwekwe mbali na jamvi, mahali ambapo mtoto hawezi kuipiga teke.

Mvua za kwanza zikinyesha, zima taa mapema au uiweke mbali nanyi, juu ya beseni la maji. Kumbikumbi watakuja wote. Wengine mtasema ni usumbufu. Kwetu siku hiyo chai inasubiri, kuna kukaanga.

Hatua ya 9: Kaa

Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili. Si lazima muwe na la kusema. Simu zibaki ndani, na mazungumzo ya ada, kodi na deni la dukani yasubiri mkishaingia. Sisi tuliwahi kuzungumzia ada mkekani mara moja, ikawa wiki nzima hakuna anayetaka kutoka nje.

Wasiojua kukaa kimya wapeni bao. Huhitaji kununua ubao: chimba vishimo ardhini, safu nne za vishimo vinane, jumla 32, na kete 64, za komwe kama unazipata au hata vijiwe. Wazee wa mtaa watakuja kusahihisha mnavyocheza. Hapo tena hamtakosa watu.

Mbu wa malaria wanauma zaidi kadiri usiku unavyosonga, kwa hiyo funika miguu kwa khanga tangu giza linapoingia, na saa mbili ikifika kunja mkeka, muingie kwenye vyandarua.

Ukikwama

*Mtungi umelowa nje kote.* Ndivyo unavyotakiwa. Mtungi unatoa jasho. Ukitiririsha au kudondosha kiasi cha kuacha dimbwi, hapo una ufa. Utafute ukiwa umekauka: jaza maji, tazama sehemu ya kwanza kulowa. Usizibe kwa saruji wala gundi ukaendelea kuunywea. Ufanye chombo cha kupandia.

*Zamani ulipoza, siku hizi haupozi.* Vitundu vimeziba kwa chumvi ya maji na uchafu. Utaona utando mweupe kwa nje. Mwaga maji, usugue nje na ndani kwa brashi ngumu, uloweke tena siku nzima. Ukigoma baada ya hapo, umezeeka.

*Maji yana harufu ya ukungu.* Umeukalisha wiki kadhaa bila kuusafisha, au mfuniko haukauki. Sugua, anika kivulini mpaka ukauke kabisa, fukiza, jaza. Mfuniko ndio uanikwe juani.

*Asali imeganda, nimeuziwa sukari?* Hapana, si lazima. Asali halisi nayo huganda, hasa wakati wa baridi. Simamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Na yale majaribio ya kuichovya njiti ya kiberiti au kuangalia kama sisimizi wanaikimbia, hayathibitishi chochote. Nunua kwa mtu unayeweza kumrudia.

*Asali inatoa povu na ina ukali wa pombe.* Imeingia maji, imechacha. Funga chupa kila mara na usitie kijiko kilicholowa.

*Mrehani unanyauka jioni.* Weka kidole kwenye udongo. Pakavu, mwagilia asubuhi mapema. Pamelowa, umezidisha maji na mizizi inaoza. Acha siku mbili, angalia kama matundu ya kopo hayajaziba. Watu wengi wanaua mrehani kwa huruma.

*Nyuki wanakuja mkekani.* Kuna kikombe chenye asali kimeachwa wazi. Kifunike, futa matone, watulie. Usiwapunge kwa khanga.

*Mwenzangu hataki kukaa nje, anasema ni uvivu.* Usimwite. Kaa wewe, mimina vikombe viwili.

*Watoto na majirani wanamaliza maji kabla jioni haijafika.* Hili halina dawa ila kuongeza mtungi wa pili, wa mchana, uuweke karibu na mlango, na ule wa jioni usiuonyeshe mtu. Mimi nilikuwa na mmoja. Sasa ninayo mitatu, bila kuhesabu ule wa kijani.